Fungu la Moto

Mashine nimeiweka chumba cha uani,
palipokuwa pakilazwa magunia ya karafuu ya baba;
magunia yamekwenda, harufu haijahama.
Ni sanduku la bati, kifuniko rangi ya chungwa,
na bomba la moshi nimelitoa dirishani
linapumulia migomba ya Bi Mgeni.
Naye hakosi kuniuliza, kichwa juu ya ukuta:
"Faki, leo mnachoma nini?"

Mchana nasoma mita za maji, mitaa ya Wete,
mtu wa kalamu na daftari lililolowa.
Usiku, watoto wakishalala,
navaa miwani ya kijani,
nabonyeza,
na nukta ya buluu, ndogo kuliko chawa,
inashuka juu ya plaiwudi, inaanza kutembea.

Haina jino. Haisukumi, haivuti.
Msumeno wa babu ulilia, ukapumzishwa, ukapakwa mafuta ya nazi;
hii inasema sss,
kama tui linalokaribia kuchemka,
na moshi mwembamba unasimama nyuma yake
kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Nilianza na upuuzi: jogoo, mkia ukabaki ubaoni.
Rula ya mtoto ya skuli. Jogoo mwengine.
Kisha nikataka kibweta
cha sindano na vifungo vya mke wangu, Asaa,
anayeviweka kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nikachora pembe zake jino na pengo, jino na pengo,
milimita kumi kwa milimita kumi.
Nikakata. Nikaunga.
Kikacheza. Kikakaa upande.
Kikaanguka.

Nikaulaumu ubao, una maji.
Nikaulaumu umeme, hautulii.
Nikamlaumu aliyeniuzia, na aliyemzaa.
Siku ya nne sakafu yote ni meno,
na mimi katikati, kama niliyepigwa.

Asaa akaja, pini mbili mdomoni.
Akaokota vipande, akavipitisha ukucha.
"Umekata juu ya mstari?"
"Juu ya mstari hasa."
"Na mstari wenyewe umekwenda wapi?"

Sikuwa na jawabu.

"Mimi kanzu nikiikata juu ya mstari haivaliki,
naacha kidole, ndicho cha mshono.
Huo moto wako nao unakula.
Umeupa ubao haki yake, jino haki yake, pengo haki yake,
moto hukuuwekea fungu."
Akarudi kwenye cherehani. Pini hazikumtoka.

Basi nikakata vijiti kumi, nikavibana pamoja,
nikapima kilichopungua, nikagawa kwa kumi.
Unywele. Labda unywele na nusu.
Usiku wote ule wa hasira
nilikuwa nadaiwa unywele.

Nikanenepesha meno kwa deni lile.
Yakaingia kwa kiganja,
to, to,
hata gundi sikutia.

Ikabaki kuandika jina kwenye kifuniko.
A ikaungua vizuri, rangi ya kahawa.
S, pole pole, ina kona nyingi.
A.
Hapo Tukuza ikaisha.

Feni ikanyamaza. Kiza, na harufu ya ubao uliokasirika.
Na huko ukumbini, katika kiza kilekile,
cherehani ya mguu inakwenda tu,
haijui yuniti ni kitu gani.

Asubuhi nikanunua umeme, nikataka kuirudisha nukta pale ilipoachia.
Nikajaribu kwanza kwenye kipande kibovu:
herufi ikatoka na kivuli chake, kama macho ya mlevi.
Mwanga hauujui unyayo wake.

"Wacha," akasema Asaa,
"jina limepungua, mwenyewe nipo."
Akaligeuza kopo la maziwa,
vifungo vikamiminika kibwetani,
vyeusi, vya lulu, kimoja cha sare ya polisi
ambacho hakunieleza.

Na ukutani, Bi Mgeni:
"Faki! Leo hamchomi?"